Nilivyopeleka soda ya tangawizi ya kujitengenezea ukweni Suji, mshenga akalewa kabla hajafungua mdomo

Wakuu, salaam kwenu. Wenye haraka pitilizeni, wenye chai mkononi kaeni.

Haya yamenikuta mimi mwenyewe. Mke wangu ameusoma huu uzi kabla sijaupost, kwa hiyo chumvi yote niliyotia ameshaitoa.

Mimi ni mkulima wa tangawizi kule Mamba, milimani Upare, wilaya ya Same. Kwetu bei ikipanda tunaezeka nyumba. Bei ikianguka tunakunywa chai ya tangawizi asubuhi, mchana na jioni.

Basi msimu mmoja bei ilianguka mpaka madalali wakaacha kupokea simu. Nikashuka Same mjini kutuliza akili. Karibu na stendi kuna jamaa anamwaga vitabu chakavu juu ya turubai. Nikaokota kimoja cha kemia ya vitendo: sabuni, mishumaa, rangi ya viatu, siki, vinywaji, vyote unatengeneza nyumbani. Juu ya jalada kuna mtu kavaa koti jeupe anatabasamu.

Nikajisemea, huyu jamaa hana shida ya bei ya tangawizi.

Elimu yangu ni form four. Kemia nilipata D, lakini ilikuwa D ya kupambana.

Nilianza na sabuni ya maji. Ikatoka nzito kama uji na haina povu hata la kusingiziwa. Mama alioshea sufuria, halafu ikabidi aioshe tena ile sufuria kuondoa sabuni.

Rangi ya viatu nayo nilitumia mafuta ya ng'ombe. Mzee wangu alipaka akaenda kanisani. Nzi walimsindikiza mpaka mbele wakati wa kutoa sadaka.

(Msicheke, kwenye maendeleo kuna hatua.)

Kisha nikafika sura ya vinywaji. Chemsha tangawizi, weka sukari na ndimu, ikipoa tia hamira kidogo, funga kwenye chupa. Gesi inajitengeneza yenyewe. Na equation ilikuwepo: sukari upande mmoja, mshale, upande wa pili gesi pamoja na kitu kingine.

Mimi nilikuwa natafuta gesi. Nilipoiona nikafunga kitabu.

Sasa, wakati huo nilikuwa na mchumba, Naki, fundi cherehani pale Same mjini. Kwao ni Suji, upande mwingine wa milima. Baba yake ni mwalimu mstaafu, kafundisha sekondari maisha yake yote, na ni mzee wa kanisa la Wasabato. Nyumba ile haijui pombe, haijui kahawa, hata majani ya chai wanayatazama kwa mashaka.

Mwalimu wa nini? Wa kemia, wakuu.

Naki aliniambia, "Baba haangalii mali, anaangalia kichwa."

Nikaona mlango ndio huo. Siku ya posa nampelekea mzee soda ya tangawizi ya mikono yangu, nimpigie mpira kwenye uwanja wake. Najua mtasema Mpare kwa ubahili wake kakwepa kununua kreti ya soda dukani. Semeni tu.

Nikapika, nikajaza chupa za plastiki, nikaenda steshenari wakanitolea lebo safi: TANGAWIZI ASILIA YA MAMBA. HAINA KILEVI. Hayo maneno ya mwisho nilisisitiza yawe makubwa kuliko yote, kwa heshima ya baba mkwe.

Mvua ikakata barabara, posa ikaahirishwa. Chupa zikabaki chini ya kitanda zikiendelea na shughuli zao. Nilionja moja nikaona utamu umepungua, nikafungua zote nikaongeza sukari. Hata sikujiuliza ule utamu wa kwanza umekwenda wapi.

Siku ikafika. Tukakodi Noah, mimi, shangazi yangu na mshenga wetu, baba mdogo Eliamani. Huyu baba mdogo tulimchagua kwa sababu ni mtu wa maneno machache. Kwenye vikao vya ukoo akikohoa tu watu wanatulia.

Kutoka Mamba kwenda Suji inabidi ushuke mpaka tambarare, upite Same, ukamate lami mpaka Makanya, ndipo upande tena mlima. Juu kwetu ni baridi, kule chini ni jiko. Tulipofika Kisiwani, kijiji cha kule chini, chupa zikaanza kulia kama mbu.

"Nani anapiga mluzi?" shangazi akauliza.

Kabla ya Same moja ikapasuka. PWAA! Dereva akasimama, akashuka kukagua matairi yote, akarudi kichwa chini hajaelewa. Shangazi anajifuta uso, gauni jipya la kitenge linachuruzika.

Baba mdogo akazitazama zilizobaki, zimevimba mpaka haziwezi kusimama. Akasema, "Hizi zina presha. Zilizovimba sana tuzipunguze."

Akafungua moja, akanywa. Akasema, "Nzuri."

Akapunguza nyingine. Na nyingine. Shangazi na mimi hatukugusa, tuliogopa kuingia ukweni tumebanwa na haja ndogo. Tulipofika Makanya, baba mdogo alikuwa anapunguza hata zile ambazo hazijavimba.

Tukipanda mlima wa Suji akaanza kuimba. Nyimbo za kwaya, sauti ya kwanza, ile ya kina mama. Wakuu, huyu mtu ni bezi tangu abatizwe.

Na mimi bado sikushtuka! Nikadhani ni furaha ya posa.

Tukapokelewa vizuri. Mwalimu ni mrefu, miwani puani, anakutazama kama anakusahihisha. "Shikamoo baba." "Marahaba, karibuni." Mama mkwe kimya pembeni, wazee wawili wa ukoo wao wamekaa, Naki yupo chumba cha ndani, cherehani yake inasikika. Chupa zilizosalia tukazipanga mezani, lebo zikitazama mbele.

Baba mdogo akasimama. Tulikubaliana aanze na fumbo la ua tuliloliona bustanini.

"Wazee wangu," akasema, "kulikuwa na ua... hilo ua nimelisahau. Ngoja niwaambie ukweli."

Shangazi akamvuta shati. Wapi!

"Huyu mtoto hana kitu. Tangawizi haina bei. Sabuni yake haitoi povu. Lakini mwaka ule binti yenu alipolazwa Same na malaria, huyu mtoto aliacha kuvuna! Kila siku anashuka na chupa ya uji, jioni anarudi analia kama kafiwa. Nikamwambia, we kijana, binti atapona, tangawizi haitapona! Akaniambia, baba mdogo, ioze tu. Ikaoza!"

Halafu akakaa. Kwa bahati kiti kilikuwepo.

Mimi natamani sakafu ifunguke. Ukimtoa baba mdogo, sikuwahi kumwambia mtu habari zile, hata Naki hakujua kuhusu kulia.

Mwalimu akachukua chupa, akasoma lebo kwa sauti: "Haina kilevi." Akaifungua. Povu likaruka mpaka kwenye kalenda ya ukutani. Akanusa, akaiweka chini taratibu.

"Kijana, gesi umeipataje?"

"Kwa hamira, baba."

"Hamira inakula nini?"

"Sukari."

"Inatoa nini?"

"Gesi, baba."

"Na?"

Wakuu, ile "na" sitaisahau.

"Naki! Lete karatasi na kalamu."

Nikaandika equation mbele ya ukoo mzima, jasho linadondokea karatasi. Sukari, mshale, kaboni dayoksaidi, halafu mkono wenyewe ukakumbuka kile kitu kingine kwa herufi zake. Ethanol. Yaani pombe. Nikageuka nikamtazama baba mdogo. Alikuwa amelala, mdomo wazi, mbele ya mzee wa kanisa.

Mwalimu akavaa miwani vizuri, akasahihisha. "Ume-balance. Vema." Nikapumua. "Lakini posa iliyoletwa na mtu aliyelewa siipokei."

Nilisikia cherehani ya Naki kule ndani imesimama.

Ndipo mama mkwe akafungua kinywa kwa mara ya kwanza. "Yule wa uji ni wewe?"

"Ndiyo, mama."

"Manesi waliniambia kuna kijana analeta uji. Nikajua ni mtu wa kanisani. Nimemwombea mpaka leo bila kumjua jina." Akamgeukia mumewe. "Mwalimu, mshenga gani aliyewahi kusema ukweli ndani ya nyumba hii kama huyu?"

Mwalimu akajibu, "Ndiyo maana nimesema posa hii siipokei. Sijasema wasirudi."

Tulirudi baada ya mavuno. Baba mdogo alikunywa maji tu njia nzima, akatoa posa kwa sentensi chache kama ilivyo kawaida yake, ikapokelewa. Mpaka leo hataki kuamini kwamba aliwahi kuimba.

Siku hizi baba mkwe hupanda Mamba tukasaga unga wa tangawizi na kuufungasha, na tunauza. Kila jaribio analitolea maksi. Sijawahi kupita sabini.

Funzo langu ni dogo: kitabu cha ufundi usikisome kama mtu anayetafuta jina lake kwenye matokeo, ukiliona tu unaondoka. Soma mpaka chini. Na mshenga asiachwe peke yake na mizigo.

Haya, uwanja wenu. Nani mwingine amewahi kupika kitu kwa kufuata kitabu kikamtokea puani? Na walimu wa kemia mliomo humu, nielezeni taratibu: hivi kwa nini sabuni yangu ilikataa kutoa povu?