Mama Alivyonikamua Nikisoma Nje

Siku niliyofunga begi nirudi nyumbani bila shahada ndiyo siku niliyogundua kwamba mama yangu alikuwa ananidanganya karibu miaka miwili.

Ngoja nianze vizuri.

Nilikwenda nje kusoma shahada ya uzamili. Ufadhili ulilipa mwaka wa kwanza tu, wa pili ukawa juu yangu. Nikaanza kazi tangu mwezi wa kwanza: asubuhi niko darasani, mchana nafua mashuka ya hoteli. Ukitoka kwenye joto la zile mashine, hata kalamu mkono unagoma kuishika.

Na ukishapanda ndege, kwa watu wa nyumbani wewe ni benki. Mjomba alitaka pikipiki. Binamu alitaka mtaji. Mimi neno "sina" huwa halinitoki mdomoni, ndivyo nilivyoumbwa.

Ila aliyenikamua kuliko wote ni mama.

Mshahara ukiingia tu, simu yake hiyo.

"Mwanangu, paa linavuja."

Mara jino. Mara ukuta umepasuka.

"Mama, na ada je?"

"Ada itasubiri. Mimi nalowa."

Natuma. Mjomba akipiga namwambia, "Anko, mama anaezeka, nimebaki mweupe." Anaguna, anakata. Nani atashindana na paa la mama?

Basi ofisi ya ada ikaniita. Nisipolipa hadi Ijumaa, jina linafutwa, na kibali cha kuishi kinakufa hapo hapo. Sikubishana. Nilikuwa nimechoka hata kulia. Nikafunga begi, nikampigia mama.

"Narudi mama. Nimeshindwa."

"Wanadai kiasi gani?"

Nikamtajia. Akacheka! Wallahi niliudhika.

"Fungua hilo begi. Hela yako ninayo."

"Hela ipi?"

"Ya paa, ya jino, ya ukuta. Sijagusa hata senti. Ungekaa nayo wewe, saa hizi mjomba wako yuko juu ya pikipiki na wewe huna shule. Umemrithi marehemu baba yako, yule aligawa mpaka viatu vyake. Nikaona bora niwe wa kwanza kuomba."

Nikakaa chini.

"Kwa hiyo paa halivuji?"

"Linavuja. Litavuja mpaka umalize."

"Sasa mama, kwa nini hukuniambia?"

"Ningekuambia, ungewaambia. Na ulivyokuwa unaguna kila nikipiga, nilikusikia. Nikasema mwache agune, ilimradi atume."

Hapo ndipo machozi yalipopata njia.

Ada ililipwa. Kesho yake nikarudi kwenye mashuka, uchovu ule ule, lakini shahada leo ninayo.

Wewe uliye mbali, usiwe mwepesi kumnunia anayekuomba kila mwezi. Wengine wanakuomba ili ubaki na kitu.