Nilizifunika kwa Liwa Alama za Dada Yangu

Mwenye ukurasa, jina langu lifiche, na kijiji usikitaje. Sema tu ni huku Pate. Mimi ni ajuza wa miaka themanini na ushei. Maandishi siyaoni tena, anayeniandikia ni mwalimu mpangaji wa nyumba ya jirani, si mtu wa huku. Wasomaji, msinihurumie kwa uzee wangu. Someni kwanza.

Miaka ya hamsini, nikiwa msichana wa miaka kumi na mitatu, dada yangu alijifungua mtoto wa kike. Mama yetu alikuwa ameshafariki, kwa hiyo shangazi ndiye aliyesimamia arubaini ya uzazi. Siku hizo mzazi hakulala bila makaa chini ya kitanda, apate joto, na kila asubuhi alipakwa liwa, ule mti wa kunukia unaosagwa kwa maji, mwili mzima. Kazi zote mbili nilipewa mimi. Nilijivuna nazo kupita kiasi, nikawa natia makaa mengi kuliko nilivyoambiwa, ili nisifiwe.

Siku ya tano dada akashikwa na homa kali. Siku ya saba asubuhi homa ikamtoka, mwili ukawa baridi, nyumba nzima ikashukuru. Mimi ndiye niliyemwosha liwa ya jana. Magotini na mapajani nikaona mabaka ya zambarau yametanda kama wavu. Nikayabonyeza kwa kidole, hayakufifia. Alama za makaa nilizijua, kila mzazi alikuwa nazo kidogo, upande wa nyuma unaolalia moto. Hizi zilikuwa mbele. Wallahi hilo nililiona, na bado nikajiambia kwamba nimemuunguza dada yangu.

Alinitazama kama hanijui. Akasema, "Nifunike. Maguu siyasikii."

Mchana ule wakwe walikuwa wanakuja kumwona mtoto. Niliogopa wasije wakasema tumemuunguza mke wa mtoto wao. Nikasaga liwa nzito, nikampaka miguu, tumbo, mpaka uso. Shangazi akaingia. "Mbona wampaka tena?" Nikamjibu, "Wageni wanakuya, shangazi." Akaridhika, akatoka.

Wakwe wakasema mzazi amenawiri. Mumewe alikuwa na safari ya Lamu mchana huohuo, na Lamu kulikuwa na daktari. Alichungulia mlangoni, akamwona mkewe amepakwa akapendeza, akaenda zake. Lau angeyaona yale mabaka angemchukua. Kesho yake, kabla ya alasiri, dada alifariki. Waoshaji waliyaona, shangazi akasema ni moto, basi yakaishia hapo. Hakuna aliyenigombeza. Laiti wangenigombeza.

Mtoto nikamlea mimi. Niliozwa mara moja tu, sikuzaa, nikarudishwa kwetu. Yeye ananiita Mama tangu alipojua kusema, na sasa anakaribia sabini. Tunaishi wawili tu. Akienda msibani siku mbili, sisemi na mtu mpaka arudi, naweka redio nipate kusikia sauti ndani ya nyumba.

Mwezi uliopita alichomwa kisigino na mwiba wa samaki. Ikaja homa, kisha baridi, kisha akaanza kusema maneno yasiyoeleweka. Majirani wakasema homa imeshuka, mwache alale. Nikamfunua magoti, nikainamia karibu kabisa: mabaka yaleyale. Nilipiga kelele mpaka boti ikaletwa. Daktari wa Lamu akasema sumu imeingia kwenye damu, na ngozi ikibadilika hivyo hakuna kungoja hata saa moja. Akasema aliyeiona ndiye aliyemwokoa.

Sasa kila anayekuja kumpa pole anaambiwa ni Mama aliyeona. Juzi alikaa kitandani kwangu, akanikanda miguu, akaniuliza, "Mama, wewe ulijuaje?" Nikamwambia ni uzee tu. Akanibusu mkono. Tangu siku hiyo akitoka nalia, akirudi najifuta.

Nikimwambia, huenda nikampoteza mtu wa pekee aliyebaki wa kunijulia hali. Nikinyamaza, ataendelea kunishukuru kwa jambo nililojifunza kwenye mwili wa mama yake.

Nyinyi mliolelewa na mtu asiyewazaa, nawauliza kwa haki ya Mungu: mngetaka kuambiwa? Nijibuni upesi, kwa sababu ataniuliza tena, na uongo mwingine sina.