Ndui ya Udongo

Tulikuwa wanne kwenye lupango yetu, kiwanja cha nyumba yetu kule Kadutu: maman, mufinyanzi aliyezaliwa Luhwindja; kaka yangu mukubwa, aliyekuwa anasomea kazi ya infirmier, kuuguza wagonjwa; shangazi, dada mukubwa wa papa; na mimi, kitinda mimba. Majina yao yote ninayo, hata yale ya ubatizo, ila hapa nayaacha yapumzike.

Ilikuwa miaka ya mwisho ya Wabeleji. Mwalimu wa kaka, padri, alitaka kila mwanafunzi afinyange virusi ya ndui kwa udongo. Aliwapa wiki mbili. Asiyeleta haingii hospitali kujifunza kazi, anarudi kwao.

Kaka akaleta picha aliyoinakili darasani. Ilikuwa kama tofali, pembe zimelainika, juu yake nyuzinyuzi.

Shangazi akacheka. "Miaka mitatu shuleni, bwana infirmier, na unatuletea tofali? Hata mwashi wa kijijini Mudaka angekufundisha hiyo."

Maman hakucheka. Uso wake ulikuwa na makovu ya ndui tangu utoto, na ndui hiyohiyo ilimuulia watoto wawili mbele mimi sijazaliwa. Akauliza, "Yenyewe iko kubwa namna gani?"

Kaka akafikiri. "Maman, kama yenyewe ingekuwa kubwa kama hili tofali, na wewe ukuzwe vilevile, ungelala kichwa hapa Bukavu, miguu Léopoldville."

Mikono ya maman ikasimama ndani ya udongo. Mimi nilitazama hewa mbele ya pua yangu, nikaogopa kuvuta pumzi.

Maman akaifinyanga, ndani tupu, akatoboa tundu dogo chini kwa bua. "Kitu cha udongo lazima kipumue motoni."

"Lakini kwenye picha hakuna tundu, maman. Mwalimu atanikata pointi."

Maman akaliacha tundu lake. Udongo ulipokauka, maman akaenda kukata majani ya kuchomea, na kaka akaliziba lile tundu kwa udongo mubichi. Motoni ikapasuka kwa kishindo, kuku wakatawanyika.

"Ni mimi niliziba," kaka akasema, machozi yakimushuka.

Zilibaki siku nane. Maman hakumugombeza. Aliokota vipande, akaviweka juu ya jiwe, akaanza kuvitwanga. Wafinyanzi wa kwetu wanafanya hivyo: unga wa chungu kilichovunjika unachanganywa na udongo mupya, upate nguvu ya kuvumilia moto. Lakini shangazi akamushika mukono.

"Wifi, huyu ni ndui. Umutupe ziwani."

"Alikula wawili wangu," maman akasema. "Leo anifanyie kazi." Akaendelea kutwanga.

Ya pili ilitoka motoni nyekundu, ukiigonga inalia. Tundu lake lilikuwapo. Maman mwenyewe aliibeba kichwani mpaka shuleni, mimi nyuma yake. Mwalimu akaigeuza, akaweka kidole penye tundu.

"Na hii?"

"Ni ya kupumua, mon père," kaka akajibu. "Bila hiyo, moto unaipasua. Maman yangu ndiye anajua."

Mwalimu akatazama mulangoni tuliposimama, akaandika jina la kaka kati ya wale wa hospitali.

Maman hakutaka kuondoka. Virusi za wanafunzi wote zilipangwa mezani, nyingine zimepinda. Aliitazama ile yake vile mutu anatazama mugeni aliyesikia habari zake maisha yote na hajawahi kumuona.

"Kumbe iko na umbo," akasema polepole.

Pengine siku zilizobaki zilikuwa saba, si nane. Kama papa yako alikuwa mumoja wa wanafunzi wale, na alikusimulia vingine, njoo unisahihishe ningali hai.