Chumvi Isiyo na Jina

Mwanangu, kwa karibu miaka ishirini, kila nilipoulizwa chumvi ile ya kampeni ilitoka kwa nani, nilijibu kwamba sijui. Nilijua. Nilijua jina la mtoaji, nilijua gari lake, na mifuko yenyewe niliipokea pale Sake kwa mikono hii hii ambayo baadaye iliandika makala nyingi kuhusu uwazi katika siasa. Cheka tu. Mimi nimeshacheka vya kutosha.

Nayakiri haya kwa sababu umeniandikia kwamba mgombea wako kule Walikale amepata mfadhili mkarimu "asiyependa kutajwa", na unataka nikusahihishie hotuba. Hotuba yako ni nzuri. Tuzungumze kwanza juu ya huyo asiyependa kutajwa.

Nakumbuka asubuhi moja huko Nyabiondo, nyumbani kwa nyanya yangu, Koko Zawadi. Nilikuwa nimetoka chuo kikuu Goma na diploma niliyoitaja hata kwa watu walioniuliza bei ya maharagwe. Mjomba wangu, Papa Eliya, mwalimu mkuu wa shule ya pale, alikuwa anagombea ubunge wa jimbo, nami ndiye niliyemwandikia hotuba. Alikuwa mtu mwema. Alianza kampeni kwa miguu, kilima hadi kilima, mpaka viatu vikamwishia. Ndipo akatokea tajiri mmoja wa mjini, mfuga ng'ombe, akatoa pikipiki mbili, fulana na mifuko ya chumvi, kwa sharti moja: jina lake lisisikike.

"Mkono mtupu haulambwi," mjomba aliniambia bila kunitazama.

Nami, msomi, nikaandika kwamba zawadi zile zilichangwa na wakulima wenyewe.

Sasa, wewe unaijua desturi yetu. Mbuzi wa harusi akiingia uani, hafungwi kamba kabla mtu hajapaza sauti kumtaja aliyemtoa. Si majivuno. Ni ili kesho, mtoaji naye akiwa na jambo lake, kila mtu ajue nani anapaswa kwenda kwake. Koko Zawadi aliutazama mfuko wa chumvi mlangoni, akangoja jina. Hakuna aliyelitaja.

"Furaha, hii chumvi nani njo alitoa?"

"Ni contribution ya population, Koko."

"Population njo nani?"

"Njo nyiye, raia."

"Aa! Miye niko raia, na sikutoa hata kijiko." Akawageukia wake za wajomba zangu waliokuwa wakimenya mihogo. "Nyiye mulitoa?"

Walicheka mpaka mmoja akashika ukuta. Koko hakucheka.

"Basi hii iko mbuzi ya kupotea. Muirudishe pa njia. Mwenyewe atakuya kuitafuta."

Hatukuirudisha. Kijiji kizima kilikula chumvi ile, isipokuwa yeye. Mjomba akashinda. Na mla cha mwenzie na chake huliwa: haukupita mwaka, mwenyewe akaja. Alitaka mteremko ulio juu ya shule, ambako Koko na majirani zake walilima maharagwe, ili ng'ombe wake wapate malisho. Katika mkutano wa wazee, mheshimiwa mbunge alisimama kumtetea. Wazee wakauliza jambo moja tu: huyu mtu aliilisha kampeni yako? Maana kwetu aliyekula kwa mmoja haamui kesi yake. Mjomba akaangalia viatu vyake, ambavyo vilikuwa vipya. Wakanigeukia mimi, kwa kuwa nimesoma.

Nikasema, "Sijui."

Waliniamini, na ndilo linaloniuma hadi leo. Mteremko ukazungushiwa uzio, na tajiri akapewa karatasi ya umiliki.

Koko alijua kwamba nimedanganya, na angeweza kuniumbua mbele ya watu. Hakufanya hivyo. Ila tangu siku ile, kila nilipopanda Nyabiondo na zawadi, alipokea sukari, alipokea sabuni, alipokea kitenge. Chumvi alinirudishia mkononi.

"Hii ubakiye nayo, mutoto yangu."

Kwa upole huo huo, mwaka baada ya mwaka. Namshukuru kuliko walimu wangu wote wa chuo, maana wao walinipa alama nzuri.

Vita vilikula ng'ombe, watu wakachoma miti ya uzio kupikia, Koko akakimbilia Sake na akarudi. Mjomba alikwisha kufariki, Mungu amrehemu. Lakini karatasi ya tajiri haikuungua, na mwaka huu watu wake wamerudi nayo, wanataka uzio tena. Wazee wakasema: tukipata shahidi mmoja wa siku zile, tutajua karatasi hii ilizaliwa na nini. Mficha maradhi, kifo humuumbua. Niliandika barua, nikataja jina la tajiri, la mjomba, na langu. Nikampa mwendesha pikipiki aifikishe Nyabiondo, isomwe baada ya ibada ya Jumapili, kisha nikakaa Goma nikingoja kama mwanafunzi anayengoja matokeo.

Basi nasaha yangu ndiyo hii, mwanangu. Pesa ya kampeni si dhambi. Hata Mungu hujengewa nyumba kwa mchango. Lakini atoaye ataje jina lake uani, mchana, mbele ya wapiga kura. Akikataa, mwambie mgombea wako aendelee kutembea kwa miguu. Na wewe mwenye kalamu usiandike "raia" mahali penye jina la mtu mmoja. Mungu akujalie wino usiokuaibisha, na wazee wenye subira kama alionijalia mimi.

Jumatatu simu ililia. Upepo ulisikika, walikuwa wamempandisha Koko mahali penye mtandao, juu ya shule.

"Furaha? Barua walishaisoma. Wazee wamekatala ile karatasi. Kesho tunaanza kulima."

Nilisimama, nikaketi tena.

"Uko unasikia?"

"Ninasikia, Koko."

"Basi unitumie chumvi. Na jina yako uiandike pa sasheti, watu waone."