Mdundo wa Nahodha

Kila asubuhi, kabla hajavaa ovaroli, Fundi hulisogelea gari la kwanza analolikuta uani na kuligonga boneti kwa vifundo vya vidole. Midundo miwili mizito, kimya kidogo, kisha mitatu ya harakaharaka. Mteja mgeni hudhani anapima bati. Na ni kweli kwamba mnyoosha bodi za magari hupima kwa kugonga: bati tupu hulia, na mahali palipojazwa puti, ule udongo wa kufichia mbonyeo, hujibu kama mtu mwenye mafua. Lakini huko si kupima. Huo ni mdundo wa nahodha, na Fundi huupiga kama wengine wanavyojinyoosha wakitoka kitandani, bila kujua kwamba ameupiga.

Siku za kazi hunyoosha bodi. Siku za mechi ndiye mpiga ngoma wa tawi la mashabiki, na tawi hilo lina desturi ambayo matawi mengine huionea wivu: kila mchezaji ana mdundo wake. Timu inapotoka chumbani, Fundi humpokea mmoja mmoja, jukwaa likajua ni nani anayetoka hata kabla kichwa chake hakijaonekana. Mdundo hauhamishwi. Mchezaji akiondoka hupigiwa wake mara ya mwisho, siku ya mechi yake ya mwisho, kisha unafungwa, hapewi mchezaji mwingine. Hata yule kipa waliyempachika jina la Mlango Wazi alipigiwa wake alipoaga, na watu wakasimama, wengine wakicheka, lakini wakasimama.

Mdundo wa nahodha Fundi hakuutunga. Aliuona. Msimu ule kijana alipopandishwa kutoka timu ya vijana, mwembamba kama ufito, alisimama kando ya mstari akisubiri kuingia. Akakanyaga majani mara mbili kwa mguu wa kulia, akatulia kama mtu aliyesahau kitu nyumbani, halafu hatua tatu fupi, akawa ndani. Amefanya hivyo misimu kumi na moja. Wengi walisema ni dawa. Fundi alisema ni woga, akampendea hilo hapohapo.

Basi Jumatatu moja redio ya gereji ikatangaza kwamba nahodha hakuongeza mkataba, na msimu ujao atavaa jezi ya wapinzani wao, wale wa upande wa pili wa mto. Jumamosi ingekuwa mechi yake ya mwisho nyumbani. Fundi alikuwa amelala chini ya gari. Alibaki hapo muda mrefu kuliko kazi yenyewe ilivyotaka.

Jioni hiyo tawi likakusanyika palepale gereji kama kawaida yake, watu wakikalia siti zilizong'olewa magarini. Mwenyekiti, muuza saruji mwenye tumbo la kutosha watu wawili, alikalia siti yake ya ngozi iliyotoka kwenye gari la kifahari lililopinduka. Siti hiyo ilikuja na mkanda wake, na mabishano yakipamba moto Mwenyekiti huufunga mkanda bila kujijua. Jioni hiyo aliufunga kabla hata hajasalimia.

Akasema hakuna cha kujadili. Msaliti ni msaliti. Klabu ilimwokota hana hata viatu, ikamfanya mtu, na leo anavuka mto. Shukrani ya punda ni mateke.

Mama Mitumba, ambaye huuza nguo sokoni na hajakosa mechi tangu ajifungue kitinda mimba wake, akauliza taratibu, katika methali hiyo punda ni nani. "Maana mimi naona aliyebeba mizigo ni yeye."

Watu wakacheka. Mwenyekiti hakucheka. Akamgeukia Kinyozi, ambaye jina lake la utani ni Takwimu kwa sababu hakuna mechi asiyoikumbuka, amsaidie. Na Takwimu, ambaye wiki mbili tu nyuma alikuwa akinyoa vijana mtindo wa nahodha na kuwaambia kwamba kichwa hicho kina akili, akaanza kuhesabu makosa. Penalti aliyokosa kwenye fainali. Kadi nyekundu ya ugenini. Mechi aliyosema ana maumivu ya paja kumbe, kwa maoni ya Takwimu, alikuwa anajitunza kwa ajili ya waajiri wapya. Akafika mahali akasema kwamba ukimpima vizuri, nahodha hakuwa mchezaji mkubwa kamwe. Alikuwa mchezaji wa kawaida mwenye bahati ya kukaa sana.

Mama Mitumba akamkumbusha ile mechi ambayo nahodha alipasuka paji la uso akafungwa bendeji, akarudi na kufunga kwa kichwa hichohicho. Mwingine akasema bendeji ilikuwa ya kujionyesha. Mwingine akasema uongozi wa klabu wenyewe umetamka kwamba ni tamaa. Maneno yakawa mengi, kila mmoja akitafuta jiwe lake la kurusha, na lile kubwa zaidi likishangiliwa zaidi.

Fundi alikuwa anakwangua rangi kwenye mlango uliolazwa juu ya magogo. Kila neno lilimwingia kama msasa. Alikuwa akiwajua hawa watu. Alikuwa amewaona wakilia kifuani pa wenzao siku ya bendeji. Alikuwa amemwona Mwenyekiti huyuhuyu akimwita nahodha mwanangu mbele ya kamera, na mama mzazi wa nahodha alikuwa amesimama pembeni akishangaa. Na uongozi wanaounukuu leo kama maandiko matakatifu ndio uliomwacha mtu wa miaka thelathini na tatu akingoja mkataba msimu mzima, anaambiwa njoo kesho, njoo kesho, hadi wa ng'ambo ya mto wakamwita mara moja tu.

Aliweka kikwangulio chini. Fundi si msemaji, na kwa sababu hiyo watu wakanyamaza.

"Mlitaka azeekee benchi," alisema, "halafu mumzomee kwamba amechoka. Sasa kwa kuwa amewanyima hilo ndiyo mnamwita msaliti. Na wewe Takwimu, kama hakuwa mchezaji mkubwa, mbona umempachika kwenye vichwa vya watoto wa watu wote wa mtaa huu?"

Takwimu akasema kazi ni kazi. Fundi akamjibu kwamba naye nahodha amesema hivyohivyo, kazi ni kazi, na yeye ndiye ameitwa msaliti. Mama Mitumba akapiga makofi peke yake.

Mwenyekiti akaukaza mkanda. Akatangaza uamuzi wa tawi, ingawa tawi halikuulizwa: Jumamosi, nahodha akitoka, jukwaa zima litageuka na kumpa mgongo. Na ngoma itakaa kimya. Hakuna kupigiwa mdundo wa mwisho. Wa kwake utakufa bila kuzikwa.

"Hilo siliwezi," Fundi alisema. "Hata Mlango Wazi tulimpigia."

"Mlango Wazi hakuvuka mto. Fundi, mikono ni yako, sikatai. Ngoma ni ya tawi."

Na hapo wakaitoa ngoma. Ilikuwa kwenye kona yake, juu ya kigoda Fundi alichokichomelea mwenyewe, imefunikwa turubai ili unga wa msasa usiiharibu ngozi. Watu wawili wakaibeba, Takwimu akafuata na kigoda, wakaipeleka kinyozini ikalale huko hadi Jumamosi. Ngoma hiyo Fundi alikuwa ameitandika ngozi mara tatu kwa mikono yake. Alichukua kikwangulio akaendelea na ule mlango, na rangi iliyotoka siku hiyo ilitoka hadi kwenye chuma.

Aliyebaki naye ni mpwa wake, binti wa dada yake mkubwa, msichana wa maneno machache aliyemaliza chuo na kuja kukaa kwa mjomba akitafuta kazi. Alikuwa akileta chakula cha mchana gerejini na kubaki hadi jioni akisoma kwenye kivuli cha basi bovu. Kwa hiyo alikuwa amesikia yote. Tena alikuwa anajua jambo moja ambalo tawi halikulijua.

Miezi michache nyuma, nahodha mwenyewe alikuja pale gereji. Mlango wa gari lake ulikuwa umebonyezwa kwenye maegesho, na mtu alimwelekeza kwa fundi hodari wa mtaa bila kumwambia fundi huyo ni nani. Fundi aliunyoosha mlango ule kwa nyundo ya mpira na subira ya mtu anayepiga pasi nguo ya harusi. Hakutia puti hata kidogo. Nahodha aliporudi kuchukua gari, Fundi alitaka kumwambia, akakosa pa kuanzia. Basi akafanya lile alilolijua. Akaugonga mlango kwa vifundo: miwili mizito, kimya kidogo, mitatu ya haraka. Akamtazama usoni, akingoja.

Nahodha akakunja uso. "Kwani bado kuna shida hapo?" aliuliza. Kisha akaongeza, kwa upole kabisa, kwamba rangi ni mbichi, afadhali asiigonge.

Fundi akasema hakuna shida. Nahodha akalipa, akashukuru kama mtu yeyote aliyelelewa vizuri, akaondoka. Misimu kumi na moja mdundo ule ulikuwa unamtoa gizani, na ulipogongwa mbele yake, umbali wa mkono, hakuutambua. Mpwa alikuwa kwenye kivuli cha basi na kitabu chake. Aliona uso wa mjomba, akarudisha macho kwenye ukurasa, na tangu siku hiyo hawajalizungumza.

Jumamosi ikafika. Fundi alikwenda uwanjani na mpwa wake, mikono mitupu. Nafasi yake ya siku zote ni mbele kabisa, kwenye reli, ngoma inapowekwa. Takwimu alikuwa pale, ameisimamia kama mlinzi wa benki. Fundi hakumtazama. Alipanda ngazi hadi mstari wa nyuma kabisa, pale jukwaa linapoishia kwenye ukuta wa mabati, akasimama akiupa ukuta bega. Aligonga kidogo kwa kidole kimoja, kama anavyogonga boneti. Bati tupu. Lililia vizuri.

Muda ulipofika, Mwenyekiti akainua mkono, akaushusha. Jukwaa zima likageuka.

Sasa, watu hawa walikuwa wamepanga kila kitu, isipokuwa walichokuwa wanakwenda kukitazama. Ukiupa uwanja mgongo, unatazama nyuma, na nyuma kulikuwa na Fundi. Mamia ya nyuso zilimgeukia kwa pamoja: Mwenyekiti aliyevimba, Takwimu kando ya ngoma kimya, Mama Mitumba ambaye alikuwa amekataa katakata kugeuka na sasa akageuka ili aone wenzake wanatazama nini. Na watu pekee jukwaani waliokuwa wanauona uwanja moja kwa moja, juu ya vichwa vyote hivyo, wakawa yeye na mpwa wake.

Nahodha akatokea kwenye mlango wa chumba cha wachezaji. Akasimama kwenye mstari. Akaona migongo.

Fundi akauinua mkono akaupiga ukuta kwa ngumi. Miwili mizito. Bati likalia hadi kwenye paa. Kimya kidogo. Kisha mitatu, harakaharaka, na mkono ukamuuma hadi kiwikoni.

Alirudia. Mtu akamzomea. Mwingine akamwambia ajiheshimu, mtu mzima hovyo. Chupa ya maji ikaruka ikampata begani, na maji yakamwagikia mpwa, naye akaifuta miwani yake akabaki palepale. Mwenyekiti alikuwa anapiga kelele kwamba huo ni uasi, na kwa kuwa wote walikuwa wamejigeuza kwa amri yake mwenyewe, hakukuwa na hata mmoja aliyekosa kuona uasi wenyewe. Fundi alirudia mara ya tatu. Hasira yote ya wiki nzima ilikuwa ndani ya ngumi ile, ya siti na mkanda, ya ngoma iliyobebwa na watu wasiojua kuibeba, ya rangi mbichi.

Na kule chini, nahodha alikanyaga majani mara mbili, akatulia.

Kisha akainua uso, akatafuta sauti ilikotoka. Macho yake yakaenda pale yalipokuwa yakienda siku zote, kwenye reli, kwenye ngoma. Akamwona mtu kando ya ngoma, kampa mgongo. Akauweka mkono kifuani, akamwinamia mtu huyo. Takwimu, ambaye alikuwa anamtazama Fundi kwa dharau, hakuona kitu. Mpaka leo hajui kwamba aliagwa.

Hatua tatu fupi, na nahodha akawa ndani.

Mechi iliisha sare. Jukwaani hakuna aliyemsogelea Fundi, ila Mama Mitumba alipita akamfunga mkono kwa kitambaa chake cha kichwa bila kuuliza ruhusa, akasema kesho atakifuata kikiwa kimefuliwa. Walirudi kwa miguu, mjomba na mpwa, kwa njia ya nyuma ya maghala ambako hakuna mashabiki. Vifundo vya Fundi vilikuwa vimevimba, na alijua kwamba kwa siku kadhaa hataweza kushika nyundo, wala tawi halitamrudishia ngoma.

Mpwa alitembea kando yake hadi walipoiona gereji. Alikuwa ameona kila kitu, kwa kuwa alisimama bega kwa bega naye. Aliona mkono kifuani, na aliona salamu ilikokwenda. Ndipo akauliza swali lake, moja tu, kwa sauti ndogo ambayo mtu angeweza kujifanya hajaisikia.

"Mjomba, wewe hukumkasirikia?"

Fundi alitafuta ufunguo wa geti kwa mkono mzima.

"Nimemkasirikia sana, mama," alisema. "Lakini mdundo niliutoa miguuni kwake. Nilikuwa namrudishia."