Maziwa ya Kuosha Kifua

Admini, jina langu lifiche kabisa, maana huku Garsen hata kuku wanajuana. Nina miaka thelathini na mbili, nimeolewa, nina watoto watatu. Mume wangu alifanya kazi miaka tisa kwenye kiwanda cha kuyeyusha vyuma chakavu huko Mombasa. Kazi alitafutiwa na kaka yake, ambaye ni msimamizi wa hapo tanurini.

Miezi mitano sasa yuko nyumbani. Kutoka kitandani hadi mlangoni lazima ashike ukuta apumzike. Shemeji anashikilia kuwa ni TB. Makohozi yamepimwa mara mbili, TB hakuna. Daktari alimwuliza, "Kazini mlikuwa mnavaa nini usoni?" Mume wangu akajibu bila wasiwasi kwamba walikuwa wanapewa pakiti ya maziwa kila jioni, ya kuosha kifua.

Jamani, mimi ni binti wa wafugaji, maziwa nayajua. Yanashuka tumboni, mapafuni hayafiki. Lakini mwanamume huyu ameyanywa miaka tisa akijiona salama, kwa sababu kaka yake ndiye aliyemwambia.

Juzi shemeji alikuja na karatasi ya Kiingereza, eti mume wangu atie sahihi asaidiwe matibabu. Nilimkaribisha, nikammiminia glasi ya maziwa. Akaisukuma kando. "Mimi hayo situmii, shemeji, tangu zamani." Na ndani ya gari lake nilikuwa nimeona maski, ile nene ya kuchuja vumbi.

Alipotoka kwenda kuswali niliisoma ile karatasi, maana nilifika kidato cha tatu. Inasema mume wangu aliajiriwa kifua chake kikiwa tayari kibovu, na hana dai lolote.

Nilipomwambia mume wangu alinikasirikia. "Umesoma vibaya. Tumenyonya ziwa moja, anifanyie hivyo?"

Shemeji aliiacha kwa kuwa mume wangu alikuwa amelala, anairudia Ijumaa. Nimeificha ndani ya ndoo ya unga, na mume wangu tangu jana hasemi nami vizuri. Nikiitoa, atatia sahihi na haki yake itapotea. Nikiichana, ukoo mzima utasema nimegombanisha ndugu, na huenda nikarudishwa kwetu.

Hapa ninapoandika ananiita nimpelekee maziwa, anasema kifua kimebana. Nimemjibu nakuja. Ndugu zangu, nipeni akili kabla ya Ijumaa, mimi yangu imefika mwisho.