Waya wa Kondoo

Ishbel Gunn hapendi kitu kinachopaa. Ndege hajaipanda, mapazia yake ameyashonea vipande vya madini ya risasi kwenye pindo yasipepee, na mpira wake wa gofu, tangu nianze kucheza naye, haujawahi kupita kiuno cha mtu mzima. Kwetu upepo wa baharini haupumziki; ukiinua mpira, unarudishiwa miguuni. Ishbel anauweka mpira karibu na mguu wa kulia, anaishika fimbo chini, kisha anapiga nusu tu, kama mtu anayefunga mlango mtoto asiamke.

Adui wake ni waya. Waya wa umeme, wa kimo cha goti, umezungushwa kila penye shimo ili kondoo wa wanakijiji wasilale kwenye majani laini. Mipira yetu hupita juu yake. Wa Ishbel uliugonga mara nyingi mno, hata akasimama mkutanoni kudai sheria: mpira ukigonga waya, sharti upigwe upya, bila adhabu na bila ubishi. Tulimpigia kura ili tukanywe chai.

Fainali ya wanawake ilimkutanisha na wifi yake, Rhona, jirani wa ng'ambo ya barabara. Kombe lilikaa dirishani kwa Rhona miaka na miaka, likitazamana na karo la kuoshea vyombo la Ishbel.

"Nikiosha sufuria linanikodolea macho," Ishbel aliniambia. "Leo linahama."

Walifika shimo la mwisho wakiwa sawa. Rhona aliuinua mpira. Upepo ukaupokea, ukaufikiria kidogo, ukautupa kwenye shimo la mchanga, mtego wa uwanjani.

"Pole, wifi. Ulikuwa umependeza huko juu."

"Piga wako, dereva," Rhona akajibu. Ishbel anaendesha basi la shule.

Mpira wa Ishbel uliambaa chini, ukagonga waya, ukaruka juu kwa mara ya kwanza maishani mwake, ukatua hatua moja kutoka shimoni. Mimi niliyeshika bendera ya shimo nilianza kupiga makofi.

"Umegonga waya," Rhona alisema kwa upole.

"Nimesikia."

"Na kuna sheria."

"Naijua."

"Nani vile aliyeileta, wifi?"

Ishbel akauokota mpira. Kondoo mmoja alikuwa amesimama hapo akitafuna. "Na wewe usinitazame," akamwambia.

Akarudi nyuma, akaishika fimbo chini zaidi, vidole vikagusa chuma. Safari hii mpira ulipenya chini ya waya, ukasimama mbali kuliko ule wa kwanza. Alihitaji mapigo mawili kumaliza. Rhona, kwa kuanzia mchangani, alihitaji matatu.

Kombe sasa liko dirishani kwa Ishbel, maandishi yakielekea ng'ambo, kwa Rhona. Jana nilimkuta akiosha vyombo.

"Unalionaje?"

"Naona mgongo tu," alisema, wala hakuligeuza.